Mbwa Alale na Njaa

Sijui nililisema jambo lile mara ngapi. Nililisema jikoni, nikalisema uani, nikalisema nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha mama kabla ya kwenda kazini: mbwa asile. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka daktari atakapokuwa amemaliza kumpasua Jumamosi, asipewe chochote. Maneno yenyewe ni mafupi. Watoto wangu wa darasa la pili, ambao wako zaidi ya tisini kwenye chumba kimoja, wangeyaelewa bila kurudiwa. Nyumbani kwangu hayakueleweka, na hasira niliyokuwa nayo wiki zile bado inanipanda ninapoandika haya.

Mbwa mwenyewe hakuwa wangu, alikuwa wa mama. Nilikuwa nimembembeleza mama miaka mitatu aache kuishi peke yake kijijini kwetu Iringa, aje tukae wote Mbeya. Siku aliyokubali alifika na mabegi mawili, debe la mahindi, na mbwa jike wa kahawia aliyefungwa kamba ya katani shingoni. Kondakta wa basi alimkataa mbwa, na mama naye akalikataa basi. Akatafuta fuso lililopakia mbao, akakaa mbele na dereva, mbwa akasafirishwa juu ya mbao. Niliwapokea wote wawili wakiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

Mimi si mtu wa mbwa. Nilikulia kwenye nyumba yenye mbwa wa kulinda mahindi, na kwetu mbwa alikuwa na kazi yake kama jembe lilivyo na kazi yake. Lakini nilikuwa naondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni, mume wangu anaendesha malori ya Zambia nami humwona kwa bahati, watoto wako shule za bweni. Mama alishinda na yule mbwa. Alimsemesha Kihehe kutwa nzima, akimsimulia bei ya nyanya na tabia za majirani, na mbwa alikuwa akimsikiliza kwa adabu kuliko mimi. Kwa hiyo uvimbe ulipomtokea mbwa kwenye titi la mwisho, nilijua mara moja kwamba shida ile ni yangu.

Mwanzoni ulikuwa kama ndimu. Niliuona siku ya kufua, mbwa amelala chali juani. Nikamuuliza mama, akasema, "Ah, hicho kitu kipo tu." Nikasema tutamwangalia. Mpaka msimu wa viazi unaanza ulikuwa umefikia chungwa, na mbwa akitembea ulikuwa unagusa majani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu mzima, methali hiyo nawafundisha watoto kila mwaka, na ufa niliuona nikaupita.

Daktari wa mifugo tuliyempata alikuwa kijana mpole, mwenye koti la kijani lililofuliwa mpaka likapauka. Alikuwa anafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la dawa za mifugo. Siku nyingi hayupo, yuko kwenye ng'ombe. Leo Chunya, kesho Mbarali, keshokutwa anachanja mifugo huko ambako hata simu haishiki. Upasuaji wa mbwa alikuwa anaufanya Jumamosi, tena si kila Jumamosi. Aliubonyezabonyeza ule uvimbe, akamsikiliza mbwa moyo, akasema unatoka, lakini usicheleweshwe. Ngozi yake ilikuwa imeanza kung'aa. Ukipasuka wenyewe, alisema, uchafu utaingia ndani na hapo hatuahidi mtu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga amejifunika mpaka kidevuni. "Akifa hii mbwa," aliniambia tukiwa kwenye bajaji ya kurudi, "mimi narudi nyumbani kwangu." Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi, na nilimwamini.

Daktari alikuwa amenipa maagizo, nikayaandika nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Apimwe uzito, maana dawa ya usingizi inapimwa kwa kilo, ikizidi analala moja kwa moja na ikipungua anaamka kisu kikiwa ndani. Asiogeshwe siku hiyo, ila alale mahali pakavu. Ijumaa ale mapema, kabla ya saa moja jioni, halafu basi. Maji anaweza kuachiwa mpaka asubuhi. Aje na blanketi, maana mbwa aliyelazwa kwa dawa anapoteza joto, na Mbeya hii ya Juni hata aliye macho anatetemeka. Na kabla ya kuja atembezwe, ajisaidie. Nilimuuliza kwa nini asile, nikajibiwa vizuri kabisa: dawa ya kwanza inatapisha. Akiwa na chakula tumboni atatapika akiwa hajitambui, chakula kitaingia kwenye mapafu, na hapo mbwa anakufa bila hata kuguswa na kisu.

Nilikuja kumweleza mama hivyohivyo, neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa. Sasa najua kwamba mama yangu huitikia kwa kichwa pale anapotaka uache kusema.

Kupima uzito kwenyewe kulinitoa jasho. Mzani wa duka lile ulikuwa wa kuku na mbuzi wadogo. Daktari akasema tafuteni mzani mkubwa, nami mzani mkubwa ninaoujua ni wa wanunuzi wa viazi kule Uyole, ule wa kuning'iniza gunia. Tulikwenda saa nne asubuhi, soko limejaa. Mbwa tukamtia kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, tukamtundika. Wabebaji wakaacha kubeba.

"Nyie watu wa wapi?" akauliza mmoja.

Mama, bila kuona mtego, akajibu kwa fahari, "Iringa."

Basi. Soko zima lililipuka. Yeyote aliyewahi kuwa Mhehe nje ya Iringa anajua kitakachofuata, maana utani wa Mhehe na mbwa, kwamba tunamla, tunazaliwa nao na tutazikwa nao. "Mama, kilo bei gani?" "Wenye viazi ni sisi, mboga analeta Mhehe!" "Mguu wa nyuma tuwekee!" Hata jirani yangu, mama mmoja Mnyakyusa aliyekuwa pale kununua viazi vya mgahawa wake, alinishika bega akicheka mpaka machozi. "Mwalimu, si ungeniita mapema nikaleta ndizi?" Mtani hakatazwi, najua. Siku nyingine ningemrudishia lake na tungecheka wote. Siku ile nilisimama pale na kalamu mkononi nikisubiri mshale wa mzani utulie, na mshale hautulii kwa sababu mbwa anatikisa mkia ndani ya kiroba, naye anatikisa mkia kwa sababu watu wote wana furaha. Kilo kumi na tisa na nusu. Niliandika huku nimeuma meno.

Ijumaa ya kwanza nilimlisha mbwa mwenyewe saa kumi na mbili jioni. Nikaosha bakuli lake, nikalifungia kabatini. Jumamosi asubuhi tulifika kwa daktari saa tatu, blanketi ninalo, karatasi ya uzito ninayo. Akaniuliza, "Amekula?" Nikajibu kwa sauti ya darasani, "Hajala tangu jana." Mama alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno.

Sindano ya kwanza iliingia. Baada ya dakika chache mbwa akaanza kuyumba, akajilamba midomo, halafu tumbo likaanza kuvuta. Ukatoka ugali. Haukuwa ugali wa jana jioni ulioyeyuka. Ulikuwa ugali wa asubuhi, matonge mazima, na dagaa wana vichwa. Shingo ilikuwa imeshalegea, na nusu ya chakula ilirudi kooni. Daktari alimshika miguu ya nyuma akamwinua kichwa chini, huku mkono mwingine unafuta mdomo kwa kitambaa, anavuta ulimi, anafuta tena. Mbwa alitoa sauti ya mtu anayezama. Nilisikia mama nyuma yangu akisema kitu kwa Kihehe, haraka haraka, na nilijua anasali.

Hakufa. Lakini upasuaji ukaahirishwa, akaandikiwa sindano za siku tano kwa ajili ya kifua, na daktari akasema yeye wiki ijayo yuko kwenye chanjo bondeni huko kwenye mpunga, kupita Madibira, atarudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu, na uvimbe ulikuwa umeshaanza kuchuja majimaji.

Nilisubiri tufike nyumbani. Nikafunga mlango wa sebule, nikamgeukia mama.

"Ulimpa ugali."

"Kidogo tu."

"Mama, nilikwambia!"

"Uliniambia." Alikuwa anakunja kanga, anaikunjua. "Lakini mtu anakwenda kupasuliwa, mwanangu. Anatokaje nyumbani na njaa? Watu watasemaje? Akifia huko, afe anasema kwa yule mama nilinyimwa?"

Hapo lazima nikiri kwamba haya hakuyatunga. Kwetu, mtu hatoki nyumbani kwenda safari bila kula, hata iwe safari ya kwenda kudaiwa. Nilipokuwa nasoma bweni mama alikuwa anaamka saa tisa kunipikia ili nipande basi la saa kumi na moja nikiwa nimeshiba. Mgonjwa anayepelekwa hospitali hupewa uji hata kama hawezi kumeza, angalau umguse midomo. Aliyeacha mtu atoke na njaa, jambo baya likimpata huyo mtu njiani, mwenye nyumba hulibeba moyoni. Nilijua yote hayo, nimelelewa humo. Lakini siku ile sikutaka kujua. Nilifoka. Nilifoka kuhusu ugali, nikahamia kwenye mlango wa uani unaoachwa wazi, nikahamia kwenye wali wenye mawe aliokuwa ananipikia siku hizo, kana kwamba mchele hauchambuliwi tena katika dunia hii. Alijibu kwamba mchele wa mwaka huu umekuja mchafu. Nikamwambia si mchele, ni yeye hasikii. Ndivyo nilivyomwambia mama yangu, nikiwa nimesimama na yeye amekaa.

Wiki tatu zile nyumba ilikuwa kimya. Mama aliongea na mbwa kwa sauti ndogo zaidi, na nikiingia jikoni wote wawili walikuwa wananyamaza. Uvimbe ulipasuka ufa mwembamba kwa pembeni. Kila jioni nilikuwa nausafisha kwa maji ya chumvi na kitambaa safi kama tulivyoelekezwa, mbwa ananiangalia kwa macho yale ya kuomba radhi ambayo mbwa wanayo hata wakiwa hawana kosa. Nilimpigia daktari mara mbili. Mara ya pili aliniambia ukweli: apasuliwe Jumamosi ile yeye atakaporudi, au basi. Ufa ukifunguka wote hatakuwa na ngozi nzima ya kushonea.

Safari hii nilijipanga kama kwa mtihani wa taifa. Ijumaa niliomba ruhusa nikatoka shule mapema. Nilikata boksi la sabuni, nikaandika kwa kalamu nene NISILISHWE, NINAKWENDA HOSPITALI, nikamvalisha mbwa shingoni, kwa sababu jirani yangu wa mgahawa alikuwa na mazoea ya kumtupia mifupa. Akaja kuusoma ubao ule, akanipigia simu kucheka. Nikamwambia, ndugu yangu, leo cheka upendavyo, mfupa usitupe. Ufunguo wa kabati la unga niliuvaa shingoni. Masufuria niliyahesabu, naona aibu kuandika hili, niliyahesabu. Na mama nilimketisha kitini, nikasimama mbele yake, nikamtaka arudie.

"Mbwa asile," alirudia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme."

"Tena."

Alirudia tena. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, naye alirudia.

Asubuhi mbwa alikuwa ameamka mchangamfu, ametembezwa, amejisaidia. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Saa tatu kasoro tuko kwenye kile chumba cha nyuma. Daktari alikuwa amefika usiku kutoka bondeni, macho mekundu, na begi lake la Chunya limeshafungwa liko kwenye kona. Gari la kumchukua lilikuwa linakuja saa saba mchana. Aliuangalia ule ufa, akavuta pumzi. Akapanga vifaa vyake. Kisha akauliza, "Amekula?"

"Hajala," nilisema. "Tangu jana saa kumi na mbili jioni. Safari hii naapa. Bakuli nimefungia mwenyewe, unga nimefungia mwenyewe."

Alikuwa ameshashika sindano. Nilidhani atachoma. Badala yake aliiweka kwenye sahani, akanipita, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamsalimia, "Kamwene, mama."

Mama akashtuka kidogo. Kumbe kijana alikuwa wa Njombe, na salamu yao ndiyo yetu. "Kamwene."

Hakuuliza alichokuja kuuliza. Aliuliza ameamkaje, miguu inasemaje na baridi hii, mvua za nyumbani zilikuwaje mwaka huu. Mimi nimesimama, saa inakwenda, ninataka kupiga kelele. Akauliza, "Na huyu mwenzako ameamkaje?"

"Ameamka vizuri. Alilia kidogo alfajiri."

"Ee. Na alipolia, amepata nini?"

Mama aliniangalia mimi kwanza, mara moja, haraka, namna ambayo mtoto wa darasa langu huangalia fimbo iko wapi. Halafu akaangalia chini.

"Amepata togwa."

"Togwa kiasi gani, mama?"

"Kikombe. Na kingine nusu."

"Saa ngapi?"

"Huyu mwalimu alikuwa anaoga. Saa kumi na mbili hivi."

Mwalimu. Mimi mwanawe wa kumzaa, ananiita mwalimu. Lakini hilo sikulisikia wakati ule. Nilichosikia ni togwa, na nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. "Mama! Mama, si tumekubaliana jana? Si umerudia mwenyewe?"

"Nilisema asile," alisema mama, akimwambia daktari na siyo mimi. "Hajala. Togwa si kula. Hata aliyefiwa, akikataa chakula, anapewa togwa. Hata sisi kwenye mfungo tulikuwa tunakunywa. Maji si waliruhusu?"

Nilifungua mdomo nimweleze tofauti ya maji na uji wa mahindi na ulezi uliochachushwa. Daktari aliinua mkono bila kunigeukia.

"Mwalimu, naomba ukae."

Nilikaa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoambiwa hivyo.

"Mama huyu ameniokolea mbwa," alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilinichoma. "Angenyamaza kama mara ile, ningechoma. Togwa ndani ya tumbo, kifua chenyewe kimetoka kuugua juzi. Tungekuwa tunachimba shimo saa hizi." Akamgeukia mama. "Asante kwa kuniambia. Tutasubiri. Mpaka saa tisa itakuwa imeshuka."

"Na Chunya?" niliuliza.

Alitoka nje kupiga simu. Tulimsikia akiwaomba radhi watu wa huko, akisema atafika kesho.

Kwa hiyo tulikaa, kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kwenye benchi la nje ya duka, mama, mimi na mbwa mwenye ubao wa boksi shingoni. Wateja walikuwa wanaingia kununua dawa ya kupe na chakula cha vifaranga, wanausoma ubao, wanacheka, wanamhurumia mbwa. Mmoja alichomoa andazi mfukoni. Sikuwa na nguvu ya kufoka; mama ndiye aliyemzuia, "Hapana, baba, asile wala asinywe," kwa sauti thabiti, na kuanzia hapo hakumwacha mtu amkaribie. Alielewa. Ilimtosha kuelezwa mara moja na mtu aliyechuchumaa.

Saa sita hivi nikamuuliza kwa nini mara ile ya ugali hakusema, wakati daktari anauliza na yeye yuko pale pale. Nilijitahidi sauti iwe ya kawaida, lakini sauti yangu ya kawaida ndiyo hiyohiyo ya kufokea watoto tisini.

"Ulishajibu wewe," alisema. "Ningesema tofauti, ungefoka mbele za watu."

"Sifoki, mama."

Aligeuza uso upande wa barabara. Mbwa naye alijinyoosha akageukia upande wa pili. Nilikasirika upya. Nilikuwa nimefungia unga, nimefungia bakuli, nimehesabu masufuria, nimemwandikia mbwa bango. Na kitu pekee ambacho daktari alikihitaji kutoka nyumbani kwangu, yaani mtu mmoja wa kumwambia amekula nini, nilikuwa nimekifunga mdomo mwenyewe.

Saa tisa na robo sindano ilichomwa. Mbwa alitapika povu jeupe, basi. Mama alimfunika blanketi mpaka begani kisha tukatolewa nje. Nilijua alichokuwa anakipima mama pale kwenye benchi, maana mabegi yake mawili tangu wiki ya ugali nilikuwa nimeyaona yametolewa chini ya kitanda. Alikuwa anasugua vidole, kimoja kimoja. Ilipita saa nzima, ikapita na robo. Mlango ulipofunguka daktari alikuwa na jasho usoni, na glovu amezivua.

"Ametoka salama. Anapumua mwenyewe. Ngozi imetosha, kwa shida." Alimpa mama mkono. "Njoo umsemeshe, mama, anaamka vizuri akisikia sauti ya mtu wake. Ila chakula mpaka nikuruhusu."

"Mpaka uniruhusu," alisema mama.

Tuliingia. Mbwa alikuwa amelazwa ubavu juu ya meza, blanketi limemfunika, ulimi umetoka nje kidogo, mshono mrefu umepakwa dawa ya zambarau. Mama alianza kumsemesha Kihehe hata kabla ya kumfikia. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa meza, akanyoosha mkono kumpapasa kichwa, na mkono ukatua juu ya blanketi tupu, kiganja kizima mbali na sikio. Akapapasa pale. Akapapasa tena, taratibu, bila kuacha kuongea, vidole vikitembea kwenye blanketi mpaka vikagusa manyoya. Hapo vikatulia.

Daktari alikuwa amegeuka anaosha vifaa, hakuona. Niliona mimi. Nilizunguka meza nikasimama upande wake wa kushoto, karibu kabisa, na hakugeuka.

Nikachuchumaa.

"Mama," nilisema, kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza. "Jicho hili linaona?"

Aliendelea kumpapasa mbwa sikio.

"Hilo? Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka. Lilianza na ukungu, halafu likafunga. Na hili lingine limeanza."

"Pasaka! Mbona hukuniambia?"

"Ungefoka, mwanangu."

Nami nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kufoka. Nilibaki nayo kifuani, nimechuchumaa pale chini, sijui niipeleke wapi.